Yu Minhong: Mwalimu wa tuisheni wa China aliyefungiwa madarasa, kampuni yake ikaanza kuuza mahindi

Yu Minhong ni mwanzilishi na mwenyekiti wa New Oriental, moja ya kampuni kubwa za elimu nchini China. Kwa Kichina kampuni hiyo inaitwa Xin Dongfang, yaani Mashariki Mpya. Kwa karibu miaka 30 ilikua kwa kuuza kitu ambacho mzazi yeyote mwenye mtoto wa shule anakifahamu: tuisheni.

Julai 2021 serikali ya China ilizuia kampuni kutafuta faida kwa kuwafundisha tuisheni ya masomo ya shule watoto wa madarasa tisa ya kwanza. Miezi sita baadaye, Januari 2022, Yu aliandika mtandaoni kwamba mwaka uliopita kampuni yake iliwaachisha kazi watu 60,000, mapato yalipungua kwa asilimia 80, na thamani yake katika soko la hisa ilishuka kwa asilimia 90. Katika ujumbe huohuo alisema kwamba kurudisha ada za wanafunzi, kuwalipa wafanyakazi mafao ya kuachishwa na kuvunja mikataba ya majengo kuligharimu karibu yuan bilioni 20, sawa na takriban dola za Marekani bilioni 3.

Kampuni nyingi zikipata pigo la namna hiyo hufunga milango na kuwaacha wazazi wakiulizana mwenye shule amekwenda wapi. Hii haikufanya hivyo. Kujua sababu, inabidi kurudi nyuma kidogo.

Mtoto wa kijijini aliyefeli mara mbili

Yu alizaliwa mwaka 1962 katika kijiji cha eneo la Jiangyin, mkoa wa Jiangsu, mashariki mwa China. Baba yake alikuwa fundi seremala. Mama yake aliongoza kikosi cha uzalishaji cha wanawake, kwani wakati huo wanakijiji walilima kwa pamoja chini ya mfumo wa ujamaa wa Mwenyekiti Mao.

Mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, ambao Wachina huuita gaokao, ulikuwa umesimamishwa kwa miaka mingi wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni. Ulirudishwa mwaka 1977, na ghafla mtoto wa mkulima akawa na mlango wa kutokea. Yu alijaribu mwaka 1978 akafeli. Kiingereza alipata alama 33. Akarudi shambani, na kwa muda akafundisha kama mwalimu wa muda kijijini. Mwaka 1979 alijaribu tena akapata 55 katika Kiingereza, na bado hakuchaguliwa.

Hapo ndipo mama yake alipoingia kati. Yu amesimulia mara nyingi kwamba mama alikwenda mjini kumsihi mwalimu wa darasa la marudio ampokee mwanawe, akarudi usiku amelowa mvua na kujaa tope. Mwaka 1980 Yu alifanya mtihani kwa mara ya tatu, akapata 95 katika Kiingereza, akachaguliwa kwenda Chuo Kikuu cha Peking mjini Beijing, ambacho ni miongoni mwa vyuo viwili vinavyoheshimika zaidi nchini humo.

Chuoni hakung'ara. Alizungumza kwa lafudhi ya kwao na wenzake wa mjini wakamcheka. Aliwekwa darasa la wanaojiweza kwa Kiingereza, kisha akashushwa hadi la wanaokwenda polepole. Mwaka wa tatu aliugua kifua kikuu akakaa mwaka mzima akitibiwa. Alimaliza mwaka 1985 akabaki hapohapo kama mwalimu wa Kiingereza.

Adhabu iliyotangazwa kwa vipaza sauti

Mwishoni mwa miaka ya 1980 vijana wengi wasomi wa China walitaka kwenda kusoma Marekani. Ili upokewe ulihitaji kufaulu mitihani ya Kimarekani inayoitwa TOEFL na GRE. Yu naye alitaka kwenda, akafanya mitihani hiyo, lakini hakupata ufadhili wa kutosha. Akaanza kufundisha tuisheni nje ya chuo ili akusanye nauli na ada.

Chuo kilipogundua kilimpa adhabu mwaka 1990, na tangazo la adhabu hiyo likasomwa kwa vipaza sauti chuoni, wanafunzi wake wote wakisikia. Kwa mwalimu, hasa katika jamii inayotilia mkazo heshima, hilo lilikuwa jambo zito. Mwaka uliofuata aliacha kazi, na hivyo akapoteza pia nyumba ya chuo.

Kuanzia hapo alifundisha tuisheni kama kazi rasmi. Alianza na chumba kibovu, meza na viti vichache. Wakati wa baridi kali ya Beijing alizunguka akibandika matangazo kwenye nguzo na kuta, akiwa na ndoo ya gundi ambayo iliganda mkononi. Alikuwa na mbinu moja ambayo wafanyabiashara wengi wa elimu wanaiogopa: alifundisha vipindi vya mwanzo bure, na aliyeridhika ndiye aliyelipa. Novemba 1993 aliifungua rasmi shule ya New Oriental.

Wanafunzi walimiminika, na sababu inaeleweka. Mitihani ile ilikuwa ya kuchagua majibu na ilijaa misamiati migumu, na Yu alijua kumfanya mtu akariri maelfu ya maneno huku akicheka. Walimu wake walichekesha, walisimulia visa vya maisha yao ya kufeli na kuinuka, na kuwapa moyo vijana waliokuwa na hofu. Mtindo huo wa mwalimu mchangamfu anayefundisha kwa hadithi uukumbuke, maana utarudi baadaye mahali usipotarajia.

Maji ya moto

Biashara ilipokua Yu aliona hawezi kuibeba peke yake. Mwishoni mwa 1995 alisafiri kwenda Amerika Kaskazini kuwatafuta marafiki wa chuoni. Wawili walikubali kurudi: Xu Xiaoping aliyekuwa Canada, na Wang Qiang aliyekuwa na kazi nzuri katika Bell Labs, Marekani.

Kwa nini mtu aache mshahara wa Marekani akafanye kazi kwa kijana wa kijijini aliyekuwa nyuma darasani? Yu mwenyewe husimulia kwamba jibu lilikuwa maji. Bwenini, kwa miaka yote ya chuo, yeye ndiye aliyefagia chumba na kwenda kuwachotea wenzake maji ya moto kwa chupa za chai, bila kutumwa. Marafiki wakamwambia kwamba mtu wa namna hiyo, akiwa na wali wa kula, hawezi kuwaachia wao uji.

Hadithi ni tamu, na Yu ni msimuliaji stadi, kwa hiyo msomaji ana haki ya kuipokea kwa kipimo. Ukweli ni kwamba marafiki hao watatu waligombana vikali kuhusu hisa na madaraka kampuni ilipopanuka, na wenzake wawili baadaye waliondoka kwenye uongozi. Filamu ya mwaka 2013, "American Dreams in China", inasimulia kisa cha marafiki watatu kinachofanana sana na chao.

Mahakamani, kisha New York

Miaka hiyo haikuwa ya kupanda tu. Mwaka 1998 majambazi walimvamia Yu nyumbani kwake, wakamdunga sindano ya dawa ya usingizi na kuondoka na fedha taslimu nyingi. Ada zilikuwa zikilipwa kwa noti, na mwishoni mwa wiki benki zikifungwa aliipeleka fedha nyumbani.

Kosa la kampuni yenyewe lilikuwa jingine. Taasisi ya Kimarekani ya ETS, inayotunga mitihani ya TOEFL na GRE, iliishtaki New Oriental mwaka 2001 kwa kuchapa na kuuza maswali ya mitihani yake bila ruhusa. Mahakama ya Beijing iliamua mwaka 2003 kwamba kweli hakimiliki ilivunjwa, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikapunguza fidia hadi takriban yuan milioni 6.4. Sehemu ya sifa ya New Oriental ilijengwa juu ya karatasi za mtihani ambazo hazikuwa zake, na hilo halifai kufichwa na hadithi za ndoo ya gundi.

Septemba 2006 hisa za kampuni zilianza kuuzwa katika soko la hisa la New York, ikiwa kampuni ya kwanza ya elimu kutoka China kufika hapo. Kuuza hisa maana yake ni kwamba umiliki unakatwa vipande vidogo na mtu yeyote mwenye fedha ananunua kipande. Yu akawa tajiri mkubwa, na magazeti yakamwita mwalimu tajiri kuliko wote China. Lakini mwenye kipande anataka faida kila baada ya miezi mitatu, na faida kubwa ilikuwa kwa watoto wa shule kuliko kwa watu wazima wanaotaka kwenda ng'ambo. Taratibu New Oriental ikawa kampuni ya tuisheni ya hesabu, lugha na sayansi kwa watoto.

Ada iliyolipwa mapema ni ya nani?

Hapa ndipo penye jambo la kumfaa mtu yeyote anayelipa ada, au anayeendesha kituo cha masomo.

Mwaka 2003 ugonjwa wa SARS uliikumba Beijing. Madarasa yalifungwa na wanafunzi waliokuwa wamelipa kabla walifika kudai fedha zao. New Oriental ilikuwa imetumia sehemu ya fedha hizo katika kujipanua, na Yu akalazimika kukopa ili awalipe. Baada ya hapo alijiwekea sharti: wakati wote, kampuni iwe na fedha taslimu za kutosha kumrudishia kila mwanafunzi ada yake na kumlipa kila mfanyakazi haki yake, hata ikifungwa leo.

Tuseme kituo cha tuisheni kina wanafunzi 100, na kila mzazi amelipia miezi sita mapema. Mwenye kituo anaona fedha nyingi benki. Lakini siku hiyo hajafundisha hata kipindi kimoja, kwa hiyo karibu yote ni deni: anadaiwa miezi sita ya masomo. Mwezi ukiisha, sehemu moja ya sita inakuwa yake, na nyingine bado ni ya wazazi. Anayetumia zote kukodi tawi la pili anategemea kwamba wanafunzi wapya watakuja kulipia gharama za wa zamani. Mambo yakienda vizuri haonekani kosa lake. Likitokea gonjwa, mafuriko au amri ya serikali, mzazi anakuta kufuli mlangoni.

Ndiyo maana mzazi anayeombwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, hata kama anapewa punguzo, ana haki ya kuuliza: nikitaka kuacha katikati, narudishiwa kiasi gani, baada ya siku ngapi, na nimeandikiwa wapi? Kulipa kwa mwezi kunaweza kuwa ghali zaidi kidogo, lakini hasara yake ikitokea ni ya mwezi mmoja.

Amri ya Julai 2021

Kufikia mwaka 2021 tuisheni ilikuwa imegeuka mashindano yasiyo na mwisho kwa familia za China. Mzazi mmoja akimpeleka mtoto, jirani naye anaogopa kubaki nyuma. Watoto walisoma usiku, Jumamosi na Jumapili. Gharama zilikuwa mojawapo ya sababu zilizotajwa na wazazi wengi za kutotaka mtoto wa pili, wakati serikali ikihangaika na upungufu wa watoto wanaozaliwa.

Julai 24, 2021 chama tawala na serikali walitoa waraka uliojulikana kama kupunguza mizigo miwili, yaani mzigo wa kazi za nyumbani za shule na mzigo wa tuisheni. Kampuni zinazofundisha masomo ya shule kwa watoto wa madarasa ya lazima zilitakiwa kujisajili upya kama taasisi zisizo za faida. Zilizuiwa kufundisha masomo hayo siku za mwisho wa wiki, sikukuu na likizo, na kuuza hisa ili kupata mtaji. Siku moja kabla ya waraka kutangazwa rasmi, habari zilipovuja, hisa za New Oriental mjini New York zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake.

Kampuni nyingine ziliyumba na baadhi zikafungwa, zikiacha wazazi wakifuatilia ada zao. New Oriental iliifungua ile akiba. Novemba mwaka huo Yu alieleza kwamba meza na viti vipya karibu seti 80,000, kutoka madarasa yanayofungwa, vimetolewa kwa shule za vijijini. Picha za malori yaliyopakia madawati zilisambaa na kuwagusa watu wengi.

Je, amri ilifanikiwa? Matangazo ya tuisheni yalitoweka mitaani na vituo vingi vilifungwa, hilo halina ubishi. Lakini mtihani wa gaokao haukuondolewa, na mahali ambapo nafasi ni chache na watahiniwa ni wengi, hofu ya mzazi inatafuta njia. Wenye uwezo waliendelea kuwaita walimu nyumbani kwa siri na kwa bei ya juu zaidi, jambo ambalo mzazi wa kipato cha chini hawezi. Na watu 60,000 wa kampuni hii moja, walimu wa tuisheni pamoja na wafanyakazi wengine, walikuwa nje wakitafuta kazi.

Mahindi ya yuan sita

Desemba 28, 2021 Yu, akiwa na umri wa miaka 59, alikaa mbele ya kamera ya simu akaanza kuuza mazao ya shambani moja kwa moja kwenye mtandao. Kampuni tanzu ya New Oriental ilifungua jukwaa liitwalo Oriental Selection, na waliokuwa walimu wakawa wauzaji. Uuzaji wa namna hii ni mkubwa China: muuzaji anaonyesha bidhaa mubashara, mtazamaji anabonyeza na kulipa hapohapo, na mzigo unafika kwake baada ya siku chache.

Kwa miezi kadhaa biashara ilisuasua. Kisha Juni 2022 mwalimu wa zamani wa Kiingereza aitwaye Dong Yuhui, mtoto wa wakulima wa mkoa wa Shaanxi, alianza kuvuma. Alishika ubao mdogo mweupe, akauza nyama au mchele huku akifundisha maneno ya Kiingereza, akisimulia historia na utoto wa kijijini, na kuutania uso wake mwenyewe. Watu walinunua mchele ambao hawakuuhitaji ili waendelee kumsikiliza. Ndani ya siku chache hisa za kampuni hiyo tanzu huko Hong Kong zilipanda mara kadhaa. Ule ufundishaji wa hadithi na vichekesho uliojaza madarasa ya miaka ya 1990 ulikuwa umepata soko jipya.

Lakini nani anafaidika na mazao hayo? Septemba 2022 mshindani mmoja maarufu alihoji kwa nini mhindi mmoja uuzwe kwa yuan 6 ilhali shambani una thamani ya takriban yuan 0.7. Dong alijibu kwamba nafaka ikiwa rahisi mno anayeumia ni mkulima, na kwamba kati ya shamba na meza kuna kuchagua, kuchemsha, kufungasha na kusafirisha. Majibu yote mawili yana uzito. Mkulima akiuza kwa simu bado yupo mtu katikati, na tofauti kati ya bei ya shambani na bei ya kwenye kioo cha simu ndiyo ya kuhesabiwa kabla ya kukubali mkataba wowote.

Mgogoro wa nyumbani

Yu si mtu wa kusifiwa tu. Mwaka 2018 alisema hadharani kwamba kuporomoka kwa taifa kunatokana na kuporomoka kwa wanawake na aina ya wanaume wanaowachagua. Wanawake wengi walikasirika, naye akaomba radhi.

Desemba 2023 kulizuka mgogoro juu ya nani hasa anayeandika maneno matamu ya Dong Yuhui: yeye au timu ya nyuma ya kamera. Mashabiki walihama kwa hasira, mtendaji mkuu wa kampuni tanzu akaondolewa, na Yu akaishika nafasi hiyo mwenyewe. Julai 2024 Dong aliondoka. Kampuni ilimuuzia studio aliyokuwa akiiongoza kwa takriban yuan milioni 76.6, na Yu akapanga mambo ili Dong asitoe fedha hizo mfukoni. Siku iliyofuata hisa zilianguka kwa zaidi ya asilimia 20. Wenye hisa wakalalamika kwamba ukarimu huo umefanywa kwa hasara yao.

New Oriental yenyewe imesimama tena. Katika mwaka wa fedha ulioishia Mei 2024 mapato yake yalifika dola bilioni 4.3, karibu sawa na kabla ya amri. Sehemu ya fedha hizo inatokana na mauzo ya mtandaoni, na sehemu kubwa zaidi inatokana na kile Yu alichoanza nacho miaka ya 1990, yaani kuwaandaa vijana wanaotaka kusoma ng'ambo, pamoja na masomo mengine ya watoto ambayo sheria inayaruhusu, kama vile sanaa na sayansi za vitendo.